Binti yangu wa miaka 12 anataka kuskeiti Mombasa. Kina dada, nyinyi mlijifunzia wapi?

MamaCherehani (Mombasa)

Assalaam aleikum jamani.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili Kibokoni, na nina binti wa miaka 12 yuko gredi ya saba. Mjomba wake alipokuja likizo kutoka Doha alimletea skeitibodi, ule ubao wa kuteleza wenye magurudumu manne. Nilidhani ataichezea wiki moja, kisha itaingia uvunguni pamoja na kile kinanda kisicholia. Sasa imepita miezi mitano na ule ubao haujaingia uvunguni hata usiku mmoja. Anaufuta kwa kitambaa kila jioni, utadhani ni sahani ya wageni.

Mwanzo nilihangaikia nguo, maana ndiyo kazi yangu. Siku ya tatu baibui liliingia kwenye gurudumu la nyuma, likapasuka kutoka pindo mpaka gotini, naye akatua kwa kiwiko. Nikakaa usiku nikamshonea suruali pana ya kitambaa kizito, magotini nimetia viraka viwili kwa ndani, na shati la kufika magotini lenye mipasuo pembeni ili mguu upate kusukuma. Hijabu nimeitia mpira nyuma isiteleze chini ya kofia ngumu. Jambo la nguo nimelimaliza. Kinachonishinda ni mahali.

Vichochoro vyetu mnavijua, mawe, mashimo na mikokoteni. Lighthouse, kule Mama Ngina, tangu pakarabatiwe 2019 pana nafasi, lakini jioni pamejaa familia na wauza mihogo na madafu, mtoto anayejifunza atamgonga mtu. Kuna uwanja mwingine wa wazi mjini, jina naliacha, wenye saruji laini. Vijana wa kiume wanne watano huskeiti pale na sijasikia ubaya wao. Binti yangu alikwenda na mdogo wake wa kiume. Siku ya kwanza alisimama pembeni saa nzima amekumbatia ubao. Nikamuuliza mbona hukuingia? Akanijibu, "Mama, hapakuwa na mahali pa kuingia."

Siku ya pili aliingia. Akateleza, akaanguka chali. Kulikuwa na mtu mzima ameketi pembeni, si katika wale vijana, simu mkononi. Mimi nilikuwa napiga pasi gauni la bibi harusi, simu yangu ikalia, ni kundi la ukoo. Video ya sekunde 9. Nilimwona mwanangu akianguka kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani, na juu yake mtu ameandika, "Huyu hana wazazi?" Kufika magharibi mkubwa wa familia alikuwa ameshapiga simu. Keshoye askari wa pale akamwambia aondoke, yeye peke yake, wale wavulana wakabaki.

Ile video nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Hakuna kilichofunuka, suruali yangu imemstiri mpaka kisiginoni. Kosa lake ni kuanguka mbele za watu. Kaka zake huanguka kila jioni mpirani Makadara, wanarudi magoti yanavuja damu, na hakuna aliyewahi kuuliza kama wana wazazi.

Basi nawaomba, hasa kina dada mlioskeiti, Nairobi, Kampala, popote. Mara zile za kwanza, mlianguka wapi?

---

Baharia_Tudor (Mombasa)

Waaleikum salaam dada. Mimi ni baba wa mabinti watatu, kwa hiyo nasema kwa uchungu, si kwa kuhukumu. Mtoto hana kosa. Aliyepiga video ndiye wa kuulizwa wazazi wake. Ila fikiria mwaka kesho na keshokutwa. Leo wanamwona mtoto, akifika miaka 14 wataona mwanamwali, na maneno yatabadilika. Ningekuwa wewe ningemtafutia mahali pa ndani, penye ukuta, nikamwacha acheze mpaka achoke. Mji huu una mabaraza mengi na kila baraza lina wenyewe, na wenyewe ni sisi wanaume. Hatukukaa kikao tukaamua hivyo, tumekuta iko hivyo tukaendelea kuketi.

---

UbaoNaMsasa (Nairobi)

Mama, shikamoo. Mimi nina miaka 27, nimeanza kuskeiti nikiwa kidato cha pili, na swali lako la mwisho limenifanya niweke kazi kando.

Nilianguka mara za kwanza Kangemi, ndani ya uwanja wa Shangilia, kwenye makao ya watoto. Ni uwanja wa zege wenye mabonde na miinuko, ulijengwa 2013 na shirika la Skate-aid la Ujerumani. Wenzetu wa Kampala walitangulia, wana wa kwao Kitintale tangu miaka ya 2000, walioumwaga wenyewe mtaani. Nakutajia haya kwa sababu moja. Pale Kangemi hakuna anayepita njia. Kila aliyemo ama anaskeiti ama anangoja kuskeiti, na mtu anayengoja kuskeiti hashangai mwenzake akianguka, kwa kuwa yeye mwenyewe ameanguka dakika tano zilizopita. Nilianguka kule mwaka mzima ndipo nikathubutu kuteremka na ubao katikati ya jiji, Aga Khan Walk, mbele ya watu wanaotoka kazini.

Sasa nikwambie kitu kuhusu ile sekunde ya 9. Umesema alianguka chali. Mtu huanguka chali kwenye ubao kwa sababu uzito umekwenda mguu wa nyuma, ubao unachomoka mbele kama sabuni. Mwalimu yeyote atamwambia, kunja magoti, mabega yawe juu ya ubao, uzito mguu wa mbele. Hayo ni kweli. Lakini mtu anayejua anatazamwa hujirudisha nyuma mwenyewe bila kukusudia. Nimefundisha wasichana wasiopungua arobaini, na karibu wote walikuwa na mwili wa aina mbili, wa tukiwa peke yetu na wa watu wakisimama kutazama. Ule wa pili una magoti yaliyonyooka. Wanaume walio pembeni husema, "Unaona, wasichana hawana balansi." Balansi anayo, imeharibiwa na macho yao.

Kwa hiyo usimwambie awe jasiri. Mpe mahali pa kuanguka.

Halafu mfundishe kuanguka kwenyewe, kwa kuwa kuna ufundi wake. Tandika godoro sebuleni. Asitangulize viganja, kifundo cha mkono ndicho huvunjika upesi. Achuchumae kwanza ili kimo kipungue, ageuze bega, aviringike. Akirudia mara hamsini kwenye godoro, mwili utakumbuka wenyewe kwenye saruji. Vikinga vya viganja na magoti si anasa, na wewe mama una cherehani, vya magoti hata ukitia sponji nene ndani ya ile suruali vitasaidia kwa kuanzia.

Magurudumu pia. Ubao wa dukani mara nyingi huja na magurudumu madogo magumu, milimita 52 hivi, ya kuchezea sakafu laini. Kwenye kabro yanatetemesha mpaka meno, na kijiwe kimoja tu kinatosha kuusimamisha ubao huku mtu akiendelea na safari. Tafuteni ya milimita 60, laini, yaliyoandikwa 78A pembeni, hicho ni kipimo cha ugumu wake. Yangu ya kwanza niliyapata sokoni Gikomba ndani ya mtumba wa viatu, na nina hakika hata soko lenu la Kongowea huwa vinapita vitu hivyo bila muuzaji kujua ni vya nini.

Kuhusu video. Kuna mtoto wa Brazili anaitwa Rayssa Leal. Mwaka 2015, akiwa na miaka 7, video yake ilizunguka dunia nzima. Amevaa gauni la samawati la malaika wa hadithi, lenye mabawa mgongoni, anajaribu kuruka ngazi huku ubao ukizunguka hewani chini ya miguu yake. Anaanguka. Anarudi. Anaanguka tena. Kisha anatua na mabawa yake. Anayeitazama anaona kuanguka na kutua kwa pamoja, ndiyo maana hakuna aliyeuliza ana wazazi. Skeitibodi ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Tokyo 2021, Rayssa alichukua fedha akiwa na miaka 13, na dhahabu ikaenda kwa Momiji Nishiya wa Japani, naye wa miaka 13. Yule aliyempiga video binti yako alikata mahali ambapo hadithi ilikuwa inaanza.

Kaka Baharia, wazo la ukuta si baya, nalikubali nusu. Kabul kule Afghanistan, kabla Taliban hawajarudi 2021, Skateistan, shirika la kufundisha watoto skeitibodi, walikuwa na uwanja wa ndani na siku maalumu za wasichana, walimu wao wanawake. Kule msichana kupanda baiskeli lilikuwa jambo la aibu, lakini skeitibodi ilikuwa ngeni mno, hakuna aliyekuwa amewahi kuikataza. Wakaingia kupitia mwanya huo, mamia yao. Nusu ninayoikataa ni ile ya "mpaka achoke". Ukuta uwe wa kujifunzia, usiwe wa kumhifadhi humo.

---

ZamuYaNani (Mombasa)

Mama, mimi ni mmoja wa wanaoskeiti hapa mjini. Sijui kama ni uwanja wetu uliousema, huenda ndio. Nimesoma lile neno, "hapakuwa na mahali pa kuingia", usiku sikulala vizuri.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu mtu wa nje hawezi kukiona. Kwetu hakuna foleni. Mmoja akimaliza, anayefuata ni yule aliyeshaweka mguu juu ya ubao. Hatusemi, tunatazamana tu. Ukisita nusu sekunde mwenzako ameondoka, na hana nia mbaya, amedhani hutaki. Sisi tumejifunza hayo tangu darasa la nne kwa kusukumana. Msichana aliyefundishwa nyumbani kwamba asimpite mtu, angoje aambiwe karibu, atangoja mpaka adhana ya magharibi. Binti yako alikuwa na adabu, na kwetu adabu yake ilionekana kama hataki kucheza.

Nimezungumza na wenzangu jana. Tumekubaliana zamu isemwe kwa mdomo. Ukimaliza unamtaja anayefuata. Wawili walilalamika kwamba inapunguza mwendo, na kweli inapunguza. Tumefanya hivyo hivyo. Akija, asimame upande wa ukuta, agonge mkia wa ubao chini mara moja, sauti hiyo kwetu maana yake "mimi nipo". Hata asipogonga ataitwa.

Na simu, yeyote anayepiga asiyeskeiti tutamwambia aiweke mfukoni. Tungekuwa tumemwambia siku ile.

---

BintiKizingitini (Vienna)

Salaam kutoka mbali. Mimi ni wa Kizingitini, Lamu, mume alinileta Vienna, Austria, huku natunza watoto wa watu na wangu wawili. Nimeguswa na aliyosema kaka wa Mombasa kuhusu zamu, kwani huku walishawahi kulihesabu jambo hilo.

Miaka ya 1990 manispaa ya Vienna ilichunguza nani anatumia bustani za mji. Wakaona wasichana wanapungua ghafla wakifika miaka 9 au 10, wavulana wanabaki. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo ya kupanga mji kwa kufikiria mahitaji ya wanawake ni mtaalamu wa kupanga miji anaitwa Eva Kail. Hawakuwaita wasichana mkutanoni kuwaambia wajiamini. Walibadilisha bustani. Mwaka 1999 walianza na mbili katika wilaya ya tano, na moja, Einsiedlerpark, ndiko ninakopeleka watoto.

Viwanja vya mpira huku vimezungushiwa waya, wenyewe wanaviita vizimba. Kizimba chenye mlango mmoja, kundi moja la vijana likisimama mlangoni, uwanja mzima ni wao hata kama wanacheza watatu. Walichofanya ni kupanua milango na kuiongeza, wakagawa nafasi kubwa moja kuwa vipande, wakatia njia za kupita, taa na mahali pa kuketi. Uwanja ukiwa vipande vitatu, kundi haliwezi kuukalia wote. Wasichana walirudi.

Nakumbuka nyumbani, sisi wasichana tulikuwa tunaujua mji kwa kupita. Tunajua kona zote, duka gani lina ubuyu mzuri, lakini kusimama hatukusimama. Mtu anayepita hana mahali. Dada, angalia huo uwanja una milango mingapi.

---

MamaCherehani (Mombasa)

Nimekawia kurudi, nisameheni, ilikuwa msimu wa harusi.

Niliposoma habari za Kabul na siku za wasichana, nilikuwa namalizia nguo za siku ya kupamba, na nikaona mbona jambo hili sisi tunalo. Kwenye harusi zetu za wanawake simu haziingii. Mlangoni kuna mtu mwenye kapu, hata uwe mke wa nani, simu inaachwa. Humo ndani mama mzima wa miaka sitini anacheza mpaka kanga inadondoka, na hakuna picha itakayotoka. Hakuna anayeliona jambo hilo geni. Basi nikaenda kwa mwenye ukumbi mmoja ninayemshonea mapazia. Nyuma ana uwanja wa kuegesha magari, saruji, una ukuta, na Jumamosi asubuhi hakuna gari. Nikamwomba saa moja mpaka saa tatu. Akaniuliza ni wangapi, nikasema watatu. Wiki ya kwanza walikuja saba.

Kapu liko mlangoni. Hata simu yangu imo.

Godoro tulilitandika sebuleni kama alivyosema binti wa Nairobi, kaka zake nao wakajiunga, sasa nyumba nzima inaviringika. Suruali nimeshona nyingine sita, zote zina sponji. Nimegundua sponji ikikaa chini ya goti kidogo kuliko nilivyodhani ndipo inakinga, kwani mtu akichuchumaa kitambaa hupanda. Mkitaka vipimo semeni.

Jumamosi ya nne nilikaa kwenye kigoda namtazama kwa saa nzima. Alianguka mara kumi na nne. Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Mara ya kwanza aligeuka kunitazama. Mara ya tano hakugeuka. Kufika ya kumi alikuwa anaanguka huku anaendelea kuzungumza na mwenzake, sentensi haikatiki.

Mkubwa wa familia nilimwendea mwenyewe, nikampigia magoti, nikamwambia mzee, mtoto ana wazazi, mama yake alikuwa anapiga pasi. Hakunijibu siku hiyo. Juzi amemuuliza mtoto kama ule ubao hauumizi miguu. Kwa alivyo yeye, hayo ni maneno mengi.

Jumapili iliyopita alisema anataka kurudi kule uwanjani kwa wavulana. Nilimsindikiza, nikasimama mbali kwa muuza kahawa. Dada wa Vienna, una mlango mmoja, na kweli walikuwa wamesimama hapo. Wakasogea. Alikaa upande wa ukuta, akagonga mkia wa ubao mara moja, kwa sauti ndogo sana, mimi nisingesikia kama nisingekuwa naisubiri. Kijana mmoja mrefu akamaliza, akageuka, akasema, "Wewe, wa suruali ya viraka, twende." Akaenda. Hakuanguka, wala hakufanya la ajabu, alinyooka tu mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, magoti yamekunjwa.

Swali moja jipya. Tangu siku ile gurudumu la mbele la kushoto linalia, kama mlango usiotiwa mafuta, na nikilizungusha kwa kidole linasimama upesi. Limeingia mchanga nadhani, maana tulipitia Lighthouse wakati wa kurudi. Nilipeleke kwa fundi wa baiskeli?

---

UbaoNaMsasa (Nairobi)

Mama, hakuna haja ya fundi. Hiyo ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayofanya gurudumu lizunguke. Fungua nati ya gurudumu, utakuta beringi mbili, moja kila upande, zikandamize zitoke taratibu. Ng'oa kifuniko chake kwa ncha ya sindano, loweka kwenye petroli kidogo ndani ya kikombe cha bati, mbali na moto na mbali na watoto, zitikise mpaka mchanga utoke, kisha uziache zikauke kabisa. Mwisho tia tone moja la mafuta mepesi kila beringi. Usitie ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi. Ya cherehani ndiyo mazuri kuliko yote, na hayo unayo.